Msewe: Vazi, Sauti na Ngoma katika Msamiati wa Pemba

Neno msewe lina maana mbili ambazo mgeni huzitenganisha na mwenyeji huziona kuwa kitu kimoja. Kwanza, msewe ni kifaa: ni njuga za majani makavu yaliyosukwa na kutiwa punje ndani, zinazofungwa miguuni mwa mchezaji. Pili, msewe ni ngoma yenyewe, ambayo wengi visiwani hukubali kwamba chimbuko lake ni Pemba. Mtu akisema kwamba jioni kuna msewe, hajabainisha kama anakusudia kinachovaliwa, kinacholia au kinachochezwa, na hakuna msikilizaji atakayemtaka abainishe. Kilichofungwa mguuni ni sehemu ya vazi. Mguu ukikanyaga, vazi hilo huwa ala ya muziki. Na hatua zinazoiliza ala hiyo ndizo mchezo.

Mhadhara huu unahusu mtu anayefanya kazi zote hizo tatu, yaani kuvisha, kucheza na kuikusanya jamii. Katika maandishi ya siku hizi mtu wa namna hiyo huitwa "msanii wa fani nyingi", na wasifu wake huandikwa kama safari ya kuvuka mipaka: alianza katika ubunifu wa mavazi, akahamia katika uchezaji, kisha akaingia katika sanaa za kijamii. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba katika Pemba, na kwa jumla katika utamaduni wa Waswahili, mipaka hiyo haikuwapo hata ikahitaji kuvukwa. Ushahidi mkubwa wa jambo hili umo katika lugha. Aidha, mipaka hiyo ilipoletwa, ilileta pamoja nayo hasara moja mahususi: watu waliokuwa na kazi moja kubwa wakaonekana hawana kazi yoyote.

Ni vyema kuanza na neno sanaa lenyewe. Asili yake ni Kiarabu, na katika matumizi ya zamani ya Kiswahili lilielekea zaidi kwenye kazi ya mikono iliyofanywa kwa ustadi: uchongaji wa milango, uhunzi, ushonaji, usukaji. Msanii kwa maana ya mwimbaji au mwigizaji ni matumizi yaliyopata nguvu katika karne ya 20. (Kwamba vijana wa Tanzania wamelichukua neno usanii na kulipa maana ya ulaghai ni jambo linalostahili mhadhara wake, huenda wanajua kitu ambacho wanaleksikografia hawajakiandika.) Kabla ya hapo, mtu hakuitwa kwa fani yake bali kwa daraja la ujuzi wake na nafasi yake mbele ya watu. Aliitwa fundi, sogora, shaha, kungwi, somo. Sogora ni bingwa wa kupiga ngoma. Shaha ni mkuu wa malenga. Kungwi na somo ni walimu wa wari na wa mabibi harusi. Maneno haya hayajibu swali la kwamba mtu huyu anatumia chombo gani. Yanajibu swali la kwamba watu humwendea kwa haja gani.

Tukirudi kwenye msewe, inafaa kuangalia malighafi yake. Pemba ni kisiwa cha ukili. Majani ya ukindu huchanwa, hutiwa rangi, husukwa kuwa ukili, na ukili ukashonwa kuwa mkeka, msala au kikapu. Mkono uliozoea kusuka hauoni ajabu kusuka kifuko kidogo cha kutia punje. Kwa hiyo njuga za msewe hazikutoka katika karakana ya vyombo vya muziki, wala hazikutoka kwa fundi wa mavazi. Zilitoka barazani, katika kazi ile ile ya kila siku inayotoa mkeka wa kulalia na msala wa kusalia. Hapo ndipo mtafiti anayekuja na orodha ya fani tatu anapokwama. Atamwandika msukaji katika safu ipi?

Hali ni hiyo hiyo katika michezo mingine ya kisiwa hicho. Katika kibati, ambayo Wapemba huihesabu kuwa ngoma yao, majibizano ya maneno ya haraka huenda sambamba na mapigo ya ngoma na uitikiaji wa kundi, kiasi kwamba mshairi na mchezaji hawawezi kutenganishwa. Mchezo wa ng'ombe, ambao mara nyingi hunasibishwa na Wareno waliokuwa na nguvu katika pwani hii katika karne ya 16 na ya 17, hauishi kwa kuuawa mnyama. Ng'ombe huchokozwa, hukwepwa na kurejeshwa kwa mwenyewe. Wanaoufanya kuwa mchezo, badala ya kuwa hatari tupu, ni pamoja na wapigaji ngoma na wanawake wanaoimba wakiwa wamejifunga kanga zao. Anayetazama uwanja tu, akawaacha waliosimama pembeni, hajauona mchezo wa ng'ombe.

Waandishi wa enzi ya ukoloni waliviona vitu hivi na baadhi yao waliviandika vizuri. W. H. Ingrams, aliyewahi kuwa mtumishi wa serikali Pemba, alizipa ngoma, michezo na uganga nafasi kubwa katika kitabu chake kuhusu historia na watu wa Zanzibar kilichotolewa mwaka 1931. Hata hivyo, mtindo wa vitabu vya aina hiyo ulikuwa kuandika majina ya ngoma na si majina ya watu. Ngoma ilihesabiwa kuwa mali ya kabila au ya kijiji, nayo mali ya wote haiandikiwi mtunzi. Ndiyo sababu wanafunzi wa leo wanaweza kutaja majina ya ngoma za Pemba bila shida, lakini hawawezi kumtaja hata mtu mmoja aliyeivisha ngoma hizo mwanzoni mwa karne ya 20.

Uvishaji huo haukuwa jambo dogo. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangamiza sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba, iliyosalimika kwa kiasi kikubwa, ikawa ndiyo shamba kuu la karafuu. Shamba hilo lililimwa na watumwa. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilipofutwa mwaka 1897, maelfu ya watu visiwani walikuwa wakivaa, au walikuwa wamezoea kuvishwa, nguo zinazowatambulisha: merikani isiyo na rangi na kaniki iliyotiwa rangi ya nili. Kufunika kichwa na kuvaa viatu zilikuwa alama za uungwana. Laura Fair, katika utafiti wake kuhusu Zanzibar uliochapishwa mwaka 2001, ameonyesha jinsi wanawake waliotoka utumwani walivyoiacha kaniki na kuishika kanga, na baadaye buibui, na jinsi mabadiliko hayo ya nguo yalivyokwenda pamoja na ngoma mpya na vikundi vipya. Kuchagua nguo ya ngoma, katika miaka hiyo, kulikuwa kuchagua kuwa nani kesho yake asubuhi.

Hapa panahitaji kusimama kidogo kwenye neno sare. Katika matumizi ya sasa lina maana mbili: vazi la namna moja linalovaliwa na kundi, na matokeo ya mchezo ambao hakuna aliyemshinda mwenzake. Mwanaleksikografia anaweza kuziorodhesha kama maana mbili za neno moja na akaendelea na kazi yake. Lakini mtu aliyewahi kuhudhuria harusi visiwani anajua kwamba maana hizo zinagusana. Wanawake wakivaa sare, mke wa tajiri na mke wa mvuvi huwa wamekwenda sare kwa muda wa shughuli ile. Bila shaka wote hubaki wakijuana nani ni nani. Lakini doti ya kanga ni ile ile, na macho ya wageni hayana pa kushika.

Anayechagua sare hiyo anafanya kazi gani? Kwa istilahi za leo anabuni mavazi. Lakini kanga ina jina, kama wasemavyo Waswahili kuhusu maandishi yaliyo juu ya pindo lake, na kumchagulia kila mwanakikundi kanga ya jina moja ni kuamua sentensi itakayosemwa na miili hamsini kwa pamoja bila mdomo wowote kufunguliwa. Saida Yahya-Othman, katika makala yake ya mwaka 1997 kuhusu majina ya kanga na sauti ya mwanamke katika jamii ya Waswahili, amefafanua kwamba nguvu ya maandishi hayo iko katika ukwepaji: mvaaji anaweza kusema na wakati huo huo akakana kwamba amesema. Nguo ni nguo tu. Aliyejiona ametajwa amejitaja mwenyewe. Kwa kundi la ngoma lenye mpinzani, ukwepaji huo ni silaha. Jina la kanga huanzisha neno, wimbo hulijibu, na mwendo wa wachezaji mbele ya nyumba ya mlengwa hulikamilisha. Huwezi kumwambia mwanamke aliyepanga hayo yote kwamba alibuni mavazi tu, au alitunga wimbo tu, au alipanga uchezaji tu. Alitunga usemi mmoja wenye viungo vitatu.

Mfano wa pwani yote ni mpana zaidi. Margaret Strobel, katika kitabu chake cha mwaka 1979, ameeleza jinsi vyama vya lelemama vya wanawake wa Mombasa vilivyoshindana kwa mavazi, nyimbo na karamu, na jinsi uongozi wa ngoma ulivyokuwa uongozi wa wanawake katika mambo mengine pia. Terence Ranger, mwaka 1975, aliandika historia ya beni, ngoma iliyozuka Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, ikachukua sare, vyeo na magwaride ya kijeshi na kuenea hadi mbali bara. Ni kweli kwamba wanahistoria hawa walivutiwa zaidi na siasa kuliko ushonaji. Hata hivyo maelezo yao yanathibitisha kwamba aliyetawala nguo ndiye aliyetawala chama.

Kuna uwanja mwingine, ambao Wapemba wenyewe huuzungumza kwa sauti ya chini na wageni kwa sauti ya juu mno. Sifa ya Pemba kwa uganga ni ya zamani, na imewafurahisha wasafiri kupita kiasi. Kwa mwanaisimu kilicho muhimu ni msamiati. Katika ngoma ya pepo, kila pepo ana kabila lake, na kila kabila lina rangi zake, nguo zake, nyimbo zake na namna yake ya kucheza. Fundi wa kilinge hana budi kujua yote: nguo ipi imfunike mgonjwa, pigo lipi limpandishe pepo, chakula gani kiandaliwe, na nani kati ya jamaa waitwe. Mgonjwa huyo huitwa mteja. Leo neno hili limehamia madukani na kwenye mabenki, likawa na maana ya mnunuzi, na wachache wanakumbuka kwamba mteja alikuwa mtu aliyewekwa chini ya uangalizi wa mganga na wenzake hadi apone. Kosa la kumwita fundi wa kilinge "mtumbuizaji" ni dhahiri kwa kila mtu. Kosa la kumwita kungwi hivyo hivyo halionekani kwa urahisi, na ndiyo maana linafanyika zaidi.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote uko katika sarufi ya kitenzi cheza. Kwa kawaida kitenzi hiki huchukua yambwa ya kitu: kucheza ngoma, kucheza bao, kucheza karata. Lakini Kiswahili cha pwani kinaruhusu pia kumcheza mwali, na katika kauli ya kutendwa, mwali kachezwa. Mtu anakuwa yambwa ya mchezo. Anayechezwa huenda asiinue hata mguu. Anaweza kuwa amekaa, amefunikwa, ameinamisha kichwa, huku wengine wakicheza. Hata hivyo, yeye ndiye kitenzi kinachomwangukia, na akitoka pale hali yake imebadilika. Alikuwa hajachezwa, sasa amechezwa. Lugha haikusema kwamba watu walicheza mbele yake au kwa ajili yake. Ilisema walimcheza yeye. Dhana ya sanaa inayomfanyia mtu na jamii kazi halisi, ambayo katika vyuo hufundishwa kama nadharia mpya, imo katika kiambishi kimoja cha yambwa.

Unyago wenye ngoma na mafunzo ya siku kadhaa unajulikana zaidi Unguja na katika pwani ya bara kuliko Pemba. Kazi ya somo katika kumfunda na kumpamba bibi harusi, kwa singo, hina na udi, iko kote visiwani. Kwa sababu hiyo, maisha yanayoweza kuonyesha vizuri kazi hii ni ya mtu wa Unguja, ambaye habari zake zimehifadhiwa kuliko za mwingine yeyote wa fani yake: Fatuma binti Baraka, aliyejulikana ulimwenguni kwa jina la Bi Kidude.

Alizaliwa Mfagimaringo mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka wenyewe haukuandikwa. Alijifunza uimbaji kwa kumsikiliza Siti binti Saad, ambaye naye, kabla ya kuwa mwimbaji, alikuwa mfinyanzi na muuza vyungu, na ambaye wasifu wake uliandikwa na Shaaban Robert. Bi Kidude alizikimbia ndoa zake, akazunguka bara, akarejea Unguja. Magazeti ya ng'ambo yalimpenda kwa sababu ya sauti, sigara na umri. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX nchini Uingereza, na mwaka uliofuata ikatoka filamu juu ya maisha yake. Alipofariki tarehe 17 Aprili 2013, aliagwa kama malkia wa taarab na unyago.

Lakini taarab haikuwa kazi iliyompatia riziki kwa miaka yake mingi. Alitengeneza wanja na hina, akawachora na kuwapamba mabibi harusi. Alijua dawa za miti shamba. Alikuwa kungwi, na katika unyago alipiga msondo mwenyewe, ngoma ndefu akiwa ameibana kati ya mapaja, huku akiimba na kuwaelekeza wari namna ya kuukata mwili katika kucheza. Kwa hesabu ya kisasa hizo ni kazi nne au tano: mpambaji, mganga wa mitishamba, mpiga ngoma, mwalimu wa uchezaji, mshauri wa jamii. Kwa hesabu yake hazikuwa hivyo. Msichana mmoja aliweza kupakwa hina na mkono ule ule uliompigia ngoma na kumfundisha namna ya kuishi na mume. Kumtenga Bi Kidude mwimbaji na Bi Kidude mpaka hina, ukampa wa kwanza jukwaa na kumwacha wa pili katika maelezo ya pembeni, ni kuyagawa maisha ambayo hayakuwa na mshono.

Mgawanyo huo ulitoka wapi? Kwa sehemu kubwa ulitoka jukwaani. Nyerere, katika hotuba yake ya Desemba 1962 alipounda wizara ya utamaduni, alilalamikia vijana waliojua dansi za kigeni na kuona haya ya ngoma zao. Vikundi vya taifa vikaundwa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikaanzisha masomo ya sanaa za maonyesho katika miaka ya 1960. Mwaka 1981 kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Zanzibar nayo, baada ya Mapinduzi ya 1964, iliweka ngoma chini ya uangalizi wa serikali. Itakuwa utovu wa shukrani kulaumu juhudi hizi, kwani bila yake ngoma nyingi zisingejulikana nje ya vijiji vyake, na msewe ungebaki Pemba. Lakini jukwaa lina muda wake, na lina watu wanaotazama bila kutunza. Neno maleba likapata kazi mpya ya kutaja mavazi ya wachezaji na waigizaji, na maleba yana ghala, yana fundi wake, yana bajeti. Uchezaji ukapata mwalimu wake. Jamii ikawa hadhira.

Kitenzi tunza, kilichotajwa hivi punde, chenyewe kinatoa ushahidi. Kutunza ni kuhifadhi na kulea. Katika ngoma na taarab kutunza ni pia kumwendea mchezaji na kumpa fedha mkononi au kumbandika usoni. Anayetunza huingia uwanjani, hucheza hatua zake mbili tatu, huonyesha nguo yake, kisha hurejea. Kwa dakika hiyo hakuna hadhira. Mwenye tiketi hana nafasi ya kufanya hivyo, isipokuwa pale watazamaji wa Kiswahili wanapoamua kuisahau tiketi, jambo ambalo kwa bahati njema hutokea mara nyingi.

Wasomi wa Dar es Salaam waliliona tatizo mapema. Penina Mlama, Amandina Lihamba na wenzao, katika miaka ya 1980, walikwenda vijijini na sanaa za maonyesho kwa maendeleo, ambamo wanakijiji wenyewe walitumia ngoma, nyimbo na uigizaji kujadili matatizo yao. Kitabu cha Mlama cha mwaka 1991 ni rejea ya lazima. Kinachovutia ni kwamba kazi hiyo ilihitaji jina jipya refu, kwa sababu istilahi zilizokuwapo vyuoni zilikuwa zimekwisha kuitenga ngoma na shughuli yake. Kijijini hakukuwa na haja ya kusema ngoma "kwa" kitu fulani.

Kwa wanaleksikografia, mambo haya si ya nadharia tu. Baraza la Kiswahili la Zanzibar limefanya kazi ya kupongezwa kwa kutoa makamusi ya lahaja za visiwani, Kipemba ikiwamo. Kazi inayobaki ni ya fasili. Kamusi ikiandika kwamba msewe ni "1. njuga, 2. aina ya ngoma", imesema kweli lakini imeweka nambari mahali ambapo mzungumzaji hana. Ikiandika kwamba kungwi ni "mwalimu wa unyago", imemvua nguo, ngoma na dawa zake. Fasili ya kungwi inahitaji vitenzi kuliko nomino: hufunda, hupamba, hucheza, huchezesha, husitiri.

Upo pia upande wa ukusanyaji wa data, ambao wanafunzi wanaokwenda Pemba watakutana nao siku ya kwanza. Mtu akiuliza nani aliyebuni mavazi ya kikundi, ataelekezwa kwa fundi cherehani, ambaye atasema kweli kwamba alishona tu alichoambiwa. Akiuliza nani aliyepanga uchezaji, ataambiwa ni ngoma ya wazee, haina mwenyewe. Ataondoka na daftari lisilo na jina. Akiuliza badala yake nani hupelekewa habari kwanza panapokuwa na shughuli, kabla nguo hazijanunuliwa na kabla ngoma hazijawambwa, watu wataacha kufikiri na wataonyesha nyumba.